Unga Niliouwekea Sahihi

Gunia la kwanza lilipofunguliwa nilidhani ndani mmeingia nywele. Unga ulikuwa umeshikana nyuzi nyuzi kwa utando wa wadudu, na mpakuaji alipotia kopo lake ulitoka kwa mabonge yanayoning'inia. Harufu ilikuja baadaye kidogo. Ilikuwa harufu ya panya na ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, ikaingia kwenye buibui langu ikakaa humo hata nilipofika nyumbani.

Ilikuwa yapata miaka miwili kabla ya uhuru. Mvua zilikosa, mihogo ikakauka ardhini, kisha zikaja mvua nyingine za ghadhabu zikaozesha kile kidogo kilichosalia. Watu wa kijiji cha Shika Adabu na vijiji vingine vya nyuma ya Likoni, ambao tangu nipate akili walikuwa wakituletea mihogo na maembe, wakawa wanakuja mikono mitupu. Serikali ikaleta unga wa mahindi. Mimi nilikuwa karani msaidizi katika ofisi ya ustawi wa jamii, msichana wa miaka ishirini. Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani kwenye ukumbi wa skuli, kuandika majina ya wanaopokea, na kazi ikisha kutia sahihi karatasi iliyosema kwamba chakula kimegawiwa na ni kizuri.

Hilo neno "kizuri" niliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nataka lijulikane mapema, maana nimewasikia watu wakinisimulia kana kwamba nilizaliwa nikipiga kelele.

Katika foleni ya siku ile alikuwamo bibi mmoja mrefu, mkavu, kanga yake imefifia hata maandishi yake hayasomeki. Alikinga sufuria, akapakuliwa, akasogea kando. Akaushika unga kwa vidole viwili, akaunusa. Kisha akarudi mezani kwangu.

"Shikamoo, nyanya," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Unga huu mlimpa nani kabla yangu, akaukataa?"

Nilikuwa nimefundishwa la kusema. "Uchekeche, nyanya, uuanike juani, ndipo upike. Hauna neno."

"Hauna neno," akarudia polepole, kama anayejifunza lugha ya kigeni. Akajitwika sufuria yake akaenda zake. Nami nikamwita anayefuata.

Kazi ile niliombewa. Baba yangu alikuwa mkulima na mwadhini wa msikiti wetu mdogo, na hakupenda nivuke maji kwenda kisiwani kufanya kazi ofisini, ijapokuwa mtaani kwetu mimi peke yangu katika wasichana ndiye niliyemaliza darasa la nane. Aliyemlainisha ni rafiki yake, mfanyabiashara mwenye duka kubwa na ghala pale Likoni. Ndiye aliyechimbisha kisima cha msikiti, na kila Ramadhani alitoa tende kwa mtaa mzima. "Mtoto amesoma, mwache aufae umma," alimwambia baba barazani kwetu, mimi nikisikiliza nyuma ya pazia. Akaenda yeye mwenyewe kumwona afisa Mzungu. Nilimwita ami, kama ndugu wa baba, na nilimpenda kwa dhati. Alikuwa mjumbe wa kamati ya chakula, na kwa kuwa ofisi haikuwa na ghala upande wetu wa maji, unga wa serikali ulilazwa kwake.

Basi asubuhi moja nilikuwa nateremka kwenda kupanda feri. Kwenye mteremko ule ndipo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipokuwa akiuza chakula. Alikuwa mjane, hakuzaa, na tangu mumewe afe hakumwomba mtu chochote. Aliuza mbaazi za nazi, mahamri, na uji wa mahindi wenye pilipili manga. Wanaume waendao bandarini walisimama wakala, wakarudisha bakuli, wakakimbilia feri. Wanawake wengine kama kumi walikuwa pale pamoja naye, kila mtu na sufuria yake.

Nilipofika karibu nikaona watu wametawanyika. Askari wa manispaa walikuwa wamewafikia. Nilikuwa nimesikia kwamba huwa wanamwaga vyakula, lakini sikuwa nimeona kwa macho, na kumbe hawamwagi. Kumwaga kungekuwa afadhali. Mmoja alibeba debe la dawa ya kusafishia vyoo, akapita sufuria moja baada ya nyingine akitia kopo la dawa, kama mtu anayeongeza chumvi. Mbaazi za shangazi zilikuwa za manjano, nazi yake nzito imetuama juu. Dawa ilipoingia zikageuka rangi ya kijivu, zikatoa povu, na mvuke ukapanda wenye harufu ya nazi na choo pamoja. Askari yule akachukua mwiko wa shangazi akakoroga ichanganyike vizuri.

"Hapa pachafu," akasema. "Mnawaua watu kwa magonjwa."

Mwanamume mmoja aliyekuwa amekwisha kupakuliwa alisimama na bakuli lake amelifunika kwa kiganja, asijue ale au alifiche.

Nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Mkubwa wa askari wale alikuja ofisini kwetu kunywa chai kila wiki na alinijua. Ningeweza kusema neno. Nilishusha buibui likanifunika uso wote, nikapita ukingoni mwa barabara, nikapanda feri.

Alasiri niliporudi nikamkuta shangazi uani kwetu, amechuchumaa, anasugua sufuria kwa majivu na mchanga.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Akaisuza sufuria, akainusa, akaanza kuisugua upya.

"Shangazi, ni mimi."

"Wewe ni nani?" akasema bila kuinua uso. "Kama hukunijua pale feri, hapa wanijuaje?"

Nikasema nilikuwa nimechelewa, nilikuwa nimejifunika, sikuona vizuri.

"Ulijifunika uso, na miguu je? Viatu hivyo nilikununulia mimi."

Nikaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa pale. Alisugua kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nyinyi wa ofisini mwasema watu wana njaa. Mimi kazi yangu ni kulisha watu. Chakula changu mwakitia dawa ya choo, kisha mwaenda Shika Adabu kugawa takataka. Hebu niambie, mwanangu, mwapigana na njaa au mwapigana na sisi?"

"Takataka ndiyo iliyoletwa, shangazi."

"Wallahi si kweli." Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na kifuko cha unga wake wa uji. Ulikuwa mweupe, laini, una harufu tamu ya mahindi mapya. "Huu watoka duka la ami yako. Nimemwona mchotaji wake akiuchota kwenye gunia lenye alama ya serikali, nyuma ya mlango. Unga wenu mzuri ndio ninaoupikia uji mimi."

Nilimtetea ami. Nilisema huenda ameununua mahali pengine, na magunia yenye alama yamezagaa kila duka. Shangazi hakubishana nami. Alinitilia unga ule kiganjani, akarudi kwenye sufuria yake.

Siku ya kugawa ilipofika tena nilikwenda mapema, nikayatazama magunia kabla hayajafunguliwa. Mama alinifundisha kushona tangu nina miaka sita, na mshono naujua. Alama ya serikali ilikuwapo, lakini midomo ya magunia ilikuwa imeshonwa kwa mkono, kwa kamba ya katani, na pembeni yake tundu za mshono wa kwanza, ule wa mashine, zilikuwa bado wazi zimejipanga mstari mmoja. Mtu alikuwa ameyafumua, akatoa kilichokuwamo, akatia kingine, akayafunga. Hata hakujisumbua kuficha. Alijua kwamba atakayekaa mezani ni mimi.

Na bado siku ile niliandika majina. Nilijiambia nahitaji kuwa na hakika zaidi. Kazi ilipokwisha nilimfuata yule bibi mrefu nikamwomba nimsindikize, akakubali bila kuuliza sababu.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, safi, uwanja umefagiliwa mpaka alama za fagio zinaonekana. Alikuwa na wajukuu watatu wa mwanawe aliyekwenda Changamwe kutafuta kibarua na hajaonekana. Aliutandaza unga juu ya mkeka. Kuku wawili waliokuwa wamebaki wakaja mbio, wakadonoa mara moja, wakajifuta midomo kwenye mchanga wakaondoka.

"Umeona?" akasema. "Kuku ana hiari."

Aliuchekecha mara mbili. Kilichobaki kwenye chekeche kilikuwa kinatembea. Akausonga, akaupakua kwenye sahani, mboga yake majani ya mnavu yaliyochemshwa kwa maji na chumvi. Akanikaribisha. Kukataa kungekuwa tusi, nami nilikuwa nimekwisha kumtusi vya kutosha. Nikanawa, nikamega, nikatia kinywani. Ulikuwa mchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa na mafuta mafuta, ulishika ulimi ukakataa kuteremka. Wajukuu walikuwa wakila haraka, macho wameyafumba, kama watoto wanaonyweshwa dawa. Nikameza tonge la pili. La tatu nikalikimbiza nyuma ya nyumba nikatapika, nikatapika mpaka machozi yakanitoka.

Bibi alinifuata. Akanishika kipaji cha uso kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanimwagia maji nikasukutua.

"Pole, mwanangu. Hukuzoea."

Neno lile ndilo lililonimaliza.

Kamati ya chakula ilikutana wiki ile katika chumba cha mikutano upande wa kisiwani. Alikuwapo afisa, mke wa mkubwa mmoja wa bandari aliyejitolea kusaidia, wazee wawili, na ami. Mimi niliketi pembeni kuandika yanayosemwa. Mezani palikuwa na chai ya maziwa, sambusa za nyama, na keki ya zabibu iliyokatwa vipande vizito. Jambo la kwanza lilikuwa pendekezo la yule mama: kwamba wanawake wa Likoni wafundishwe kupika chakula chenye afya, kwa sababu, alisema, wanatia nazi katika kila kitu na hawajui mboga. Akaeleza jinsi ya kuchemsha karoti. Wazee wakaitikia kwa vichwa huku wanatafuna. Nilitazama mafuta ya sambusa kwenye ndevu za ami, nikakumbuka tonge lile la Shika Adabu.

Jambo la pili lilikuwa kumshukuru ami kwa ghala lake na moyo wake. Afisa akanigeukia. "Andika kwamba kamati inatoa shukrani."

"Siandiki, bwana," nikasema.

Sauti yangu ilitoka nyembamba mno, ikabidi niseme mara ya pili. Nikasimama. Nikasema kwamba karatasi zote nilizotia sahihi ni uongo, na aliyesema uongo ni mimi. Nikasema unga unaogawiwa umeoza, nimeula nikatapika, watoto wanaula kila siku. Nikaeleza habari ya mishono. Nikatoa kifuko cha unga nilichomwomba shangazi nikakimimina kwenye sahani ya keki iliyokuwa tupu, na kando yake nikamimina unga wa Shika Adabu niliopewa na yule bibi, nyuzi zake na wadudu wake.

Yule mama akasukuma kiti nyuma akaziba pua kwa leso. Nakumbuka nilichukia leso ile kuliko nilivyomchukia ami. Ilikuwa na maua yametariziwa.

Ami hakupandisha sauti. Alifuta ndevu zake, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umechoka. Jua la Shika Adabu kali. Nani aliyekuleta hapa ukapata pahali pa kuketi?"

"Ni wewe, ami."

"Basi keti."

"Siketi."

Mzee mmoja akasema, "Laa haula! Msichana wamjibu hivi baba yako?" Afisa akauliza kwa Kiingereza kama nina ushahidi zaidi ya unga kwenye sahani. Nikamwambia aende akayaone magunia kabla hayajahamishwa. Akatazama saa yake. Akasema jambo hili litachunguzwa, akaagiza sahani iondolewe.

Lilichunguzwa, na mimi matokeo nilisomewa na mpiga chapa wa ofisi: magunia yaliharibika kwa unyevu wa mvua, hakuna wa kulaumiwa, unga utahamishiwa ghala jingine. Ukahamishwa kweli. Mgao uliofuata ulikuwa mweupe, nikaona watu wakirudi nao nyumbani wameufunika kwa kanga usipeperuke. Aliyeandika majina siku hiyo hakuwa mimi. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba nafasi yangu haipo tena.

Ami hakufanywa lolote. Siku ya Ijumaa aliketi safu ya mbele kama kawaida yake, na waliomzunguka wakampa mkono. Baba alirudi kutoka msikitini, akavua kofia, akakaa barazani bila kusema na mimi. Alikaa hivyo karibu mwezi. Siku aliyosema, alisema hivi tu: "Ulisema kweli. Lakini umenitoa kwenye watu." Kweli nilikuwa nimemtoa.

Kwa kuwa sikuwa na kazi, shangazi akanichukua. "Kalamu unayo na Kiingereza unacho," akasema. "Njoo utusemee." Nikakaa na wale wanawake wa feri, nikawauliza wanataka nini. Nilitarajia watataja unga. Wakacheka. Walitaka paa, mfereji wa maji, na kibali, basi. Mmoja akasema, "Sisi si wa kupewa chakula. Sisi ndio wenye kupika."

Niliandika barua nne, hazikujibiwa. Ndipo tukaenda wenyewe, sote, tukaketi kwenye ngazi za ofisi ya manispaa kuanzia asubuhi. Karani akaja akatufukuza, tukasogea ngazi moja chini. Mchana akatoka bwana afya, kijana Mwafrika wa bara, shati limemgandama kwa jasho. Alisikiliza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuuliza: "Maji mnatoa wapi?" Shangazi akamweleza, ndoo kwa ndoo. Akasema tukijenga banda lenye sakafu, tukafunika vyakula, atatuandikia kibali na atatuombea mfereji. Alitimiza. Tulijenga kwa boriti na makuti, sakafu tukaisiriba kwa saruji, na kwa muda wa zaidi ya mwaka wanaume wa bandarini walikula wakiwa wameketi. Yule bibi wa Shika Adabu mvua zilipotengemaa alituletea mihogo yake, nasi tukainunua.

Ningependa kuishia hapo. Wiki chache kabla ya sherehe za uhuru, wageni wakatarajiwa kupita njia ya feri, na ikaundwa kamati ya kupamba barabara. Tukaamka tukakuta banda limebomolewa, makuti yamerundikwa kando kama takataka. Mfereji umeng'olewa, maji yanatiririka bure kuteremka mteremko. Kibali chetu kilikuwa bado kimebandikwa kwenye nguzo iliyolala. Nilikwenda kuuliza ni nani aliyetoa amri. Nikaelekezwa kwa mjumbe wa kamati ya mapambo, nikamkuta barazani pa duka lake, bendera ndogo mpya imebandikwa kifuani. Alikuwa ami.

"Mwanangu," akasema, na akatabasamu. "Siku kubwa kama hii, wageni waone moshi na masufuria?"

Nilimtazama nikatafuta hasira, sikuipata. Nilichokipata kilikuwa kinyaa kitupu, kile cha kukanyaga kitu chenye utelezi pekupeku. Niliondoka bila kumuaga.

Siku ya uhuru watu walishangilia, nami nilishangilia. Sitasema uongo, nililia kwa furaha bendera ilipopandishwa. Siku ya tatu yake shangazi alikuja na panga na kamba akanikuta nimelala. "Amka," akasema, "boriti hazijavunjika, zimelala tu." Wanawake saba walikuja, waliobaki walikuwa wamekata tamaa. Tulisimamisha nguzo. Askari wawili wa manispaa wakapita, sare zao zile zile, wakasimama wakatutazama. Mmoja alikuwa yule wa debe la dawa. Shangazi akamwita.

"Njoo ushike hapa, baba. Nguzo hii nzito."

Alisitasita, akamtazama mwenzake. Kisha akavua kofia, akaja akaishika, na sisi tukashindilia udongo mpaka ikakaa.